Losheni ya jua isikorogwe dukani

WAUZA vipodozi wa Darajani na wa vichochoro vya Mji Mkongwe wanaujua mtindo huu. Mteja ananunua losheni ya kawaida yenye kinga ya jua, kisha anataka iongezwe nguvu. Vidonge vya vitamini E vinatobolewa kwa sindano na kukamuliwa ndani ya chupa, au yanadondoshwa mafuta ya karafuu. Muuzaji anapandisha bei kidogo, mteja anaondoka ameridhika.

Wazo lenyewe lina msingi. Vitamini C na E, na euginoli iliyomo katika karafuu, ni antioksidanti, yaani vitu vinavyozuia mafuta kuchacha na, baadhi yake, kupunguza madhara ya jua kwenye ngozi. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walionyesha kuwa asidi ya feruliki ikiongezwa katika mmumunyo wa vitamini C na E, kinga dhidi ya jua hupanda kutoka takriban mara 4 hadi mara 8. Lakini ule ulikuwa mmumunyo wa maabara uliopimwa peke yake. Haukumiminwa ndani ya losheni ya kiwanda kingine.

Hapo ndipo biashara inapoharibika. Namba ya SPF iliyoandikwa kwenye chupa hupatikana kwa kupaka miligramu 2 za losheni kwa kila sentimita mraba ya ngozi, losheni ikiwa kama ilivyotoka kiwandani. Zinki oksidi na vichujio vingine vimesambazwa sawasawa katika maji na mafuta yaliyounganishwa kwa kipimo. Ukitia mafuta mengine, muungano huo unaweza kukatika na kinga ikakaa kwa mabaka. Hata usipokatika, hesabu ni hii: mililita 20 ndani ya chupa ya 200 zinapunguza nguvu ya vichujio kwa asilimia 9, pamoja na dawa inayozuia ukungu. Namba kwenye lebo haibadiliki, na mteja anaitegemea akiwa Nungwi saa saba mchana.

Karafuu nayo ina lake. Euginoli huweza kuwasha ngozi, na Umoja wa Ulaya unataka itajwe kwenye lebo ya kipodozi kisichooshwa ikizidi asilimia 0.001. Ndimu ni mbaya zaidi: wapo wanaoitia kwa ajili ya vitamini C, kumbe maji na mafuta ya ganda lake yakipigwa na jua huunguza ngozi hadi malengelenge.

Kwa maoni yetu, faida iko katika chupa ya pili. Losheni iuzwe na kizibo chake kama ilivyofika, na kando yake kichupa cheusi cha mafuta yenye vitamini E. Mteja apake mafuta kwanza, yakishakauka apake losheni juu. Bidhaa zinakuwa mbili, kila moja na bei yake. Vitamini C inunuliwe kidogo kidogo, kwani ikigeuka rangi ya kahawia imekwisha kazi.

Mafuta ya makonyo yanayokamuliwa na ZSTC huko Wawi, Pemba, yafaa zaidi kwenye sabuni, ambayo huoshwa. Akina mama wa Paje wameshaonyesha njia: kilimo cha mwani kilianza mwaka 1989 kwa kuuza mwani mkavu kwa bei ndogo, leo baadhi yao wanatengeneza sabuni na krimu zinazouzwa kwa watalii. Anayetaka kufuata aanzie Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar kabla ya kuchapisha lebo.

Kwa wateja wenye ualbino usikoroge chochote, hata wakiomba. Kwao tabaka lililokatika ni njia ya saratani ya ngozi. Ndiyo maana Kilisun, losheni iliyobuniwa kwa ajili yao, hutengenezwa kwa vipimo katika kituo cha ngozi cha KCMC, Moshi.