Gobori la babu: Jinsi ya kutambua umri na thamani yake

KATIKA Manispaa ya Tabora, kuanzia mitaa ya Kanyenye hadi Kwihara na Itetemia, si ajabu kusikia kwamba familia fulani inalo gobori lililoachwa na babu. Mara nyingi huwa limefungwa kwenye gunia na kuwekwa darini, na hukumbukwa siku ya kugawana mirathi.

Hapo ndipo huibuka swali: Je, silaha hiyo ni ya kale kweli, na ina thamani gani? Majibu ya mitaani huwa mawili. Dalali mmoja huapa kuwa ni bunduki ya Mtemi Mirambo na kwamba itauzwa kwa mamilioni. Mwingine husema ni chuma chakavu cha kupimwa kwa kilo. Ukweli kwa kawaida uko katikati ya kauli hizo, na sehemu kubwa ya ukweli huo imeandikwa kwenye chuma chenyewe.

Hata hivyo, kabla ya kutafuta maandishi hayo, jambo la kwanza ni usalama. Zamani magobori mengi yaliwekwa yakiwa yameshindiliwa tayari, na baruti nyeusi iliyokaa mahali pakavu huweza kulipuka hata baada ya miaka 100. Silaha ya aina hiyo isielekezwe kwa mtu, isisogezwe karibu na moto, na isipelekwe kwa fundi kukatwa au kuchomelewa.

Jambo la pili ni sheria. Umiliki wa silaha nchini unasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na watu hukamatwa kwa kumiliki magobori bila kibali. Kusema kuwa silaha ni ya urithi hakutoshi kuwa kinga. Njia salama ni kutoa taarifa kituo cha polisi kabla ya kumtafuta mnunuzi, na kuiacha silaha mahali ilipo hadi polisi watakapoelekeza namna ya kuisafirisha. Serikali pia imekuwa ikitangaza vipindi vya kusalimisha silaha kwa hiari bila kushtakiwa, kikiwamo cha mwaka 2022.

Wingi wa silaha hizo Tabora una historia yake. Mji huu, uliojulikana pia kama Kazeh wakati Richard Burton na John Speke walipofika Novemba 1857, ulikuwa njia panda ya misafara ya pembe za ndovu na watumwa kati ya pwani, Ujiji na Karagwe. Bunduki na baruti vilipanda kutoka Bagamoyo pamoja na nguo na shanga. Mwaka 1888, mwakilishi wa Uingereza Zanzibar, Charles Euan-Smith, alikadiria kuwa bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia kila mwaka.

Bunduki hizo ndizo zilizotumiwa na Mirambo, aliyefariki dunia mwaka 1884, katika vita vyake na Waarabu wa Unyanyembe. Mtemi Isike naye alikuwa na ghala la baruti ndani ya ngome yake, ambalo alililipua Januari 1893 badala ya kukubali kutekwa na Wajerumani.

Katika kutambua umri, sehemu ya kwanza kutazamwa ni mtambo wa kuwashia baruti. Bunduki za zamani zaidi kati ya zile zinazoonekana kwa wingi hutumia jiwe la gumegume linalogonga chuma na kutoa cheche. Zilizofuata, kuanzia nusu ya kwanza ya karne ya 19, hutumia fataki. Baadaye zikaja zinazojazwa risasi kwa nyuma badala ya mdomoni.

Hapo pana mtego unaowanasa wengi. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia kuingiza bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, lakini ukaacha mlango wazi kwa bunduki za gumegume zisizo na mifuo ndani ya mtutu. Viwanda vya Ulaya viliendelea kutengeneza silaha hizo kwa ajili ya soko la Afrika, wakati majeshi yao yalikuwa yamekwisha kuziacha. Kwa hiyo, bunduki ya gumegume inaweza kuwa changa kuliko ya fataki.

Kinachosaidia zaidi ni alama zilizogongwa kwenye mtutu. Mji wa Liège, Ubelgiji, ulikuwa chimbuko la bunduki nyingi za biashara. Silaha iliyokaguliwa huko ina herufi ELG ndani ya duara refu lenye nyota chini yake. Kuanzia mwaka 1893 iliongezwa taji juu ya duara hilo. Alama hiyo ndogo ya taji inatosha kuonyesha kuwa mtutu ulikaguliwa baada ya mwaka huo. Zilizokaguliwa Birmingham, Uingereza, ambako nyumba ya ukaguzi iliundwa kwa sheria ya mwaka 1813, huwa na fimbo mbili za kifalme zilizopishana na taji.

Neno TOWER kwenye mtambo nalo lisimpumbaze mtu. Lilikuwa alama ya ghala la silaha la serikali mjini London, lakini watengenezaji wa bunduki za biashara waliliiga kwa sababu wanunuzi waliliamini.

Kwa upande wa zile zinazoitwa bunduki za Mjerumani, iliyotumiwa sana na askari wa jeshi la kikoloni ni Mauser ya mwaka 1871, yenye risasi ya milimita 11 inayoingizwa moja moja. Huwa na maandishi "Mod. 71", jina la kiwanda na mwaka wa kutengenezwa. Silaha za Kibelgiji pia ziliweza kubaki, kwa kuwa majeshi kutoka Kongo yaliiteka Tabora Septemba 19, 1916.

Magobori mengine yalitengenezwa na wahunzi wa hapa nchini kwa mabomba. Mtutu wa kiwandani huwa mnene upande wa tako na hupungua kuelekea mdomoni, lakini bomba lina unene ule ule mwanzo hadi mwisho. Alama za kulehemu kwa umeme na skrubu za siku hizi ni dalili ya kazi ya karibuni. Kutu si ushahidi, kwani maji ya chumvi huileta kwa muda mfupi.

Kuhusu bei, bunduki za biashara zilitengenezwa kwa maelfu na kwa gharama ndogo, hivyo nyingi hazina utajiri unaotangazwa na madalali. Kinachopandisha thamani ni uhalisi, hali ya silaha, uchache wake na historia iliyothibitishwa. Kuisugua kwa msasa hufuta alama, na alama zikifutika ushahidi umepotea.

Historia nayo inahitaji uthibitisho. David Livingstone na Henry Stanley walikaa Kwihara mwaka 1872, lakini kudai kuwa bunduki ilikuwa yao bila barua, picha wala kumbukumbu ni hadithi tu. Kwa familia, hatua bora ni kumwandika mzee anayekumbuka nani aliipata, wapi na lini, wakati angali hai.

Umri una uzito wa kisheria pia. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, na kuvitoa nje ya nchi kunahitaji kibali. Mnunuzi anayetaka kuondoka na silaha usiku bila karatasi anaweza kumwachia muuzaji kesi mbili, ya silaha na ya mambo ya kale.

Baada ya polisi kuhakikisha kuwa silaha ni salama, Makumbusho ya Taifa ndiyo mahali pa kuulizia alama na umri wake. Gobori ambalo sokoni halina bei kubwa linaweza kuwa na nafasi huko, endapo litafika na alama zake, pamoja na jina la aliyelibeba.