Miombo ya Mikembo mwezi wa Oktoba

Kwetu Makomeno, mjini Lubumbashi, Oktoba ni vumbi na joto tu. Mimi hushika barabara ya Kasenga hadi Mikembo, msitu wa miombo uliohifadhiwa kaskazini-mashariki ya Lubumbashi. Miti hii hupukutisha majani kiangazi, kisha huchipua kabla mvua haijanyesha, na machipukizi yake ni mekundu kama shaba. Vichuguu vingine vya msitu huo ni virefu kuliko nyumba yetu; juu yake huota miti ya aina nyingine kabisa, maana mchwa hurutubisha udongo. Mvua ikianza, uyoga hutoka chini ya miombo, kwa kuwa uyoga huo na mizizi hulishana. Kwenye barabara hiyo ya Kasenga magunia ya makaa yamepangwa: ndiyo tunayopikia mjini, umeme ukikatika na hata usipokatika.