Kenya: Sheria Hutangulia Mtambo

Serikali yoyote inayotaka kuwahudumia wananchi wake haina budi kuwajua: ni wangapi, wako wapi, na wana mahitaji gani. Hilo halina ubaya. Swali walilolikabili jirani zetu wa Kenya ni lipi litangulie, kukusanya taarifa za watu au kuziwekea ulinzi.

Mwaka 2019 serikali ya Kenya iliandikisha zaidi ya watu milioni 35 katika mpango wa Huduma Namba, ili kila mtu awe na namba moja kwa huduma zote. Maelezo yao, picha na alama za vidole vikahifadhiwa katika kompyuta za serikali. Lakini Sheria ya Ulinzi wa Data ilitiwa saini Novemba mwaka huohuo, watu wakiwa wamekwisha kuandikishwa.

Uzito wa jambo uko hapa. Neno la siri likiibwa, mwenyewe hulibadili siku hiyohiyo, kidole hakibadiliki. Alama zake zikivuja, zimevuja kwa maisha yake yote. Tena kufuli la mtambo, hata liwe imara namna gani, humzuia mwizi wa nje; halimzuii mwenye ufunguo aliye ndani. Huyo huzuiwa na sheria, isemayo nani afungue, kwa sababu gani, na nani amkague.

Januari 2020 majaji watatu wa Mahakama Kuu jijini Nairobi waliruhusu mpango uendelee kwa sharti la kuwekewa kwanza kanuni kamili. Wakakataza kukusanya vinasaba vya watu. Novemba 2020 serikali ikaanza kutoa kadi. Oktoba 2021 Mahakama hiyo ikaubatilisha uamuzi wa kuzitoa, kwa kuwa tathmini ya hatari kwa faragha ya wananchi, inayotakiwa na sheria, haikufanywa kwanza.

Tusiwacheke majirani. Hapa Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, nasi tulikwisha kutoa vidole vyetu kwa ajili ya vitambulisho na laini za simu. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Mwananchi anayeombwa alama ya kidole si mkaidi akiuliza itawekwa wapi na nani atawajibika ikipotea. Na serikali yenye jibu tayari, kabla mtambo haujawashwa, haitalazimika kulitafuta mahakamani.