TUSINGOJE TINGATINGA LIFIKE



Katika kitabu cha Yoshua tunasoma kwamba watu walipovuka Yordani waliamriwa kusimamisha mawe 12, ili watoto wakiuliza siku za mbele, wazee wawe na la kuwaonyesha. Je, sisi wa Kabianga tuna mawe gani? Tunayo. Iko shule ya serikali iliyoanzishwa 1925, wakati makampuni ya majani chai yalipokuwa yakifungua mashamba Kericho. Yako majengo ya zamani, makaburi, na miti ambayo kokwet ilikaa chini yake. Shida ni kwamba tunaanza kuulizana habari zake siku tingatinga limeshafika.

Kazi ya kulinda mahali pa kale iko kwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, chini ya sheria ya mwaka 2006. Tena Katiba ya 2010 imewapa kaunti kazi ya makumbusho na utamaduni, lakini majengo na mahali pa kale penye umuhimu kwa taifa zima pamebaki kwa serikali kuu.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hatulijui. Kwa vitu vya kubebeka, sheria inahesabu kuwa vya kale vile vilivyotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895. Majengo yanaweza kulindwa hata kama si ya zamani sana, lakini ni lazima kwanza yatangazwe na Waziri katika Gazeti Rasmi la Serikali, baada ya kushauriana na Makumbusho. Kwa hivyo jengo la 1925 halijilindi lenyewe. Asipokuwepo mtu wa kusema, litabomolewa na hakuna atakayeulizwa.

Wengine watasema, "Hiyo ni njia ya kutunyang'anya shamba." Hatuwalaumu, maana watu wetu walipokonywa ardhi kweli. Lakini kutangazwa peke yake hakubadilishi jina kwenye hati ya shamba. Kunachozuia ni kubomoa au kubadilisha bila ruhusa. Na tangazo likitoka, mwenye pingamizi ana nafasi ya kuliandika kabla halijathibitishwa.

Tuangalie majirani. Kule Migori kuna Thimlich Ohinga, kuta za mawe yaliyopangwa bila simiti wala udongo. Zilitangazwa 1981, na mwaka 2018 UNESCO ikaziweka katika orodha ya urithi wa dunia. Huko Nandi, fimbo tatu za Koitalel arap Samoei, aliyeuawa 1905, zilirudishwa kutoka Uingereza mwaka 2006, miaka 101 baadaye. Kitu kikiondoka, kukirudisha ni kazi ya vizazi.

Kuna na historia isiyo na jengo. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwahamisha watu wa ukoo wa Talai kutoka Kericho, wakapelekwa Gwassi karibu na Ziwa Victoria. Waliokuwa watoto wakati ule wamebaki wachache sana kama wapo. Mahali walipoishi pasipoandikwa sasa, pataandikwa na nani?

Basi tufanye nini?

1. Kila kanisa dogo liandike orodha ya mahali pa kale katika eneo lake: panaitwaje, pako kwa shamba la nani, na wazee wanasema nini.

2. Tupige picha, na tuwasikilize akina kogo na akina kugo wangali hai.

3. Ukichimba choo au msingi ukakuta vyungu au zana za kale, usitupe wala usiuze. Sheria inataka Makumbusho waarifiwe ndani ya siku 7.

4. Mahali pakionekana pa maana, tukubaliane kwanza na mwenye shamba, halafu tuandike barua kwa Makumbusho na nakala kwa kaunti.

5. Kabla ya kubomoa kanisa la zamani tujenge jipya, tuulizane: haliwezi kuwa darasa la Jumapili au maktaba?

Mawe ya Yoshua hayakujisimamisha. Watu waliyabeba mabegani. Nasi tubebe yetu.