Uyoga wa Mitini wa Jenasi ya Ganoderma: Utambuzi, Makazi na Athari za Jina Katika Mazingira ya Kampala

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna uyoga unaoozesha miti wa jenasi ya Ganoderma unavyotambuliwa, pamoja na makazi yake katika Jiji la Kampala na misitu iliyo jirani. Hoja kuu ni kwamba jina Ganoderma lucidum, ambalo hutumiwa kwa wepesi kwa kila uyoga wa mitini unaong'aa, lina asili ya Ulaya, na kwamba kulitumia kwa vielelezo vya Afrika Mashariki bila uthibitisho huathiri maamuzi kuhusu usalama wa miti ya mjini, udhibiti wa bidhaa za afya, kilimo cha michikichi na hifadhi ya misitu. Makala yanafafanua utaratibu wa hatua nne wa utambuzi, kisha yanapendekeza kiwango cha chini cha taarifa zinazopaswa kuambatana na kila kielelezo.

Istilahi za msingi: kuvu, kuoza kweupe, kielelezo, makazi, Ganoderma

1. Utangulizi

Jamii za Uganda ya kati zina maarifa ya siku nyingi kuhusu uyoga. Katika Buganda, uyoga ni mwiko wa ukoo wa Butiko, ambao kiongozi wake hubeba jina la Ggunju; watu wa ukoo huo hawaruhusiwi kuula. Jina la Kiganda obubaala hutaja uyoga mdogo mweupe wa jenasi ya Termitomyces unaoota kwa wingi karibu na vichuguu baada ya mvua, nao hupendwa sana mezani. Maarifa haya, kwa sehemu kubwa, ni maarifa ya chakula: hutofautisha unaolika na usiolika, na hueleza majira ya kuutafuta.

Uyoga mgumu unaojitokeza kwenye mashina ya miti mfano wa rafu hauingii kwa urahisi katika mgawanyo huo. Hauliki kwa sababu ni mgumu kama ubao, na kwa hiyo mara nyingi hupitwa bila kutajwa. Hata hivyo, ndio unaobeba kazi nzito ya kuvunja miti iliyokufa na kuirudisha udongoni. Miongoni mwake, jenasi ya Ganoderma ina nafasi ya pekee kwa kuwa jina lake limetoka msituni na kuingia madukani: kahawa, chai na vidonge vyenye jina hilo huuzwa Kampala kama nyongeza za lishe. Kwa hiyo swali la utambuzi, ambalo huonekana kuwa la wanabotania peke yao, linamhusu pia mnunuzi, mhandisi wa jiji na mshauri wa sera.

2. Historia fupi ya jina

Mwaka 1781 William Curtis, mwanabotania wa Uingereza, alieleza uyoga unaong'aa na kuupa jina Boletus lucidus. Mwaka 1881 Petter Karsten wa Finland aliunda jenasi ya Ganoderma na kuuweka humo. Tangu hapo jina Ganoderma lucidum lilienea duniani. Uyoga wa China, Afrika na Amerika uliokuwa na kofia yenye ngozi ya kung'aa uliitwa kwa jina hilo hilo, ingawa kielelezo cha asili kilitoka Uingereza.

Uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kwamba desturi hiyo ilikuwa na makosa. Mwaka 2012 wataalamu wa China walieleza kwamba uyoga maarufu wa tiba wa nchi yao, unaojulikana kama lingzhi, si Ganoderma lucidum ya Ulaya, wakaupa jina Ganoderma lingzhi. Wataalamu wengine wamedai kwamba spishi hiyo ilikwisha kupewa jina Ganoderma sichuanense mwaka 1983, na mjadala huo haujapoa. Ikiwa uyoga uliotumiwa na kuchunguzwa kwa muda mrefu kiasi hicho ulibeba jina lisilo lake, uyoga wa Afrika Mashariki ambao haujachunguzwa kwa kina unahitaji tahadhari kubwa zaidi.

Kanda hii ina misingi ya kuanzia. Kitabu cha Ryvarden na Johansen cha mwaka 1980 kuhusu kuvu zenye vitundu za Afrika Mashariki, na kile cha Pegler cha mwaka 1977 kuhusu uyoga wenye matamvua, bado ni marejeo ya lazima. Hata hivyo, vitabu hivyo vilitangulia zama za vinasaba. Mipaka ya spishi iliyochorwa humo ilitegemea umbo na hadubini.

3. Hatua za utambuzi

3.1 Uwandani

Hatua ya kwanza ni kuutazama uyoga mahali ulipoota kabla ya kuung'oa. Ganoderma huwa na umbo la rafu au figo, ikiwa na kikonyo au bila kikonyo. Upande wa juu wa kofia huwa na ganda gumu. Katika kundi moja ganda hilo hung'aa kana kwamba limepakwa vanishi, likiwa na rangi ya hudhurungi iliyoiva au nyekundu iliyokolea. Katika kundi la pili ganda limefifia, ni la kijivu au kahawia, na limepasukapasuka. Upande wa chini hauna matamvua bali vitundu vidogo sana, vyeupe au vya rangi ya maziwa ukiwa bado mchanga. Vikikwaruzwa kwa ukucha hugeuka kahawia papo hapo.

Alama nyingine yenye manufaa ni vumbi la kahawia linalofanana na unga wa kakao, ambalo hutanda juu ya kofia yenyewe na juu ya majani yaliyo karibu. Vumbi hilo ni spora. Mchunguzi asipojua jambo hili huweza kulifuta akidhani ni udongo, na hapo hupoteza ushahidi.

3.2 Kukata

Kielelezo kikikatwa kwa wima kutoka juu hadi chini, huonekana ganda, nyama ya rangi ya kahawia au ya mbao, na mirija inayoishia kwenye vitundu. Spishi zinazoishi miaka mingi huwa na tabaka kadhaa za mirija zilizopandiana. Mpaka kati ya tabaka moja na jingine, rangi ya nyama na kuwapo kwa mistari myeusi ndani yake ni taarifa zinazosaidia kutenganisha spishi. Hazionekani kamwe katika picha ya nje.

3.3 Hadubini

Ushahidi mkuu wa jenasi uko katika spora. Spora ya Ganoderma ina kuta mbili: wa nje ni mwembamba usio na rangi, wa ndani ni wa kahawia na umejaa vijiti vidogo vinavyoelekea nje. Ncha moja ya spora huonekana kama imekatwa. Urefu wake kwa kawaida ni kati ya mikromita 7 na 13, na tofauti ndani ya kiwango hicho zina maana. Kwa mfano, vielelezo vingi vya nchi za joto vilivyoitwa Ganoderma applanatum, jina la spishi ya kaskazini yenye spora ndogo, huangukia katika kundi la Ganoderma australe lenye spora kubwa zaidi.

Hadubini pia huondoa mkanganyiko na jenasi zinazofanana. Phellinus ni ngumu na ya kahawia, lakini spora zake hazina kuta mbili za namna hii. Amauroderma, jamaa wa karibu, ina spora zenye kuta mbili lakini ncha yake haikukatika, na mara nyingi kikonyo chake huonekana kuchipuka ardhini kwa sababu kimeshikamana na mzizi uliofukiwa.

3.4 Vinasaba

Umbo hufikisha mchunguzi kwenye jenasi na pengine kwenye kundi; ni nadra limfikishe kwenye spishi kwa uhakika. Mwaka 2012 eneo la vinasaba liitwalo ITS lilikubaliwa kimataifa kuwa kitambulisho rasmi cha kuvu. Kwa Ganoderma, ITS pekee haitoshi kila mara, hivyo wataalamu huongeza jeni nyingine kama tef1 na rpb2. Matokeo ya hatua hii hayana thamani yakitenganishwa na kielelezo halisi. Kipande kilichopimwa lazima kihusishwe na uyoga uliokaushwa na kutunzwa katika hifadhi inayofikika, kama hifadhi ya mimea ya Chuo Kikuu cha Makerere, ili mtafiti wa baadaye aweze kuuchunguza upya.

4. Makazi

Kampala iko katika mwinuko unaokaribia mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, karibu na Ziwa Victoria, na hupata misimu miwili ya mvua: Machi hadi Mei, na Septemba hadi Novemba. Unyevu huo pamoja na joto la wastani huifaa kuvu ya mitini. Makazi yake yanaweza kugawanywa mara tatu.

Makazi ya kwanza ni misitu ya asili iliyobaki, kama Mpanga katika wilaya ya Mpigi kando ya barabara ya Masaka, na Mabira kati ya Kampala na Jinja. Humo miti ya Celtis, Antiaris na Albizia huzeeka, huanguka na kuachwa. Gogo moja huhifadhi kuvu nyingi kwa kufuatana: zinazoanza zikiwa bado na gome, na zinazofuata mbao zikishalainika.

Makazi ya pili ni miti hai ya mjini: miti ya kivuli, miembe ya viwanjani na mivule iliyosalimika ujenzi ulipowadia. Hapa Ganoderma huingia kupitia majeraha ya shina na mizizi, yakiwemo yale yanayosababishwa na uchimbaji wa mitaro na ukataji mbaya wa matawi. Makazi ya tatu ni visiki na mizizi inayoachwa ardhini baada ya mti kukatwa.

Katika yote matatu, kazi ya kuvu ni moja. Ganoderma husababisha kuoza kweupe: huvunja lignini, dutu inayoupa mti ugumu, pamoja na selulosi, na kuacha mbao zilizopauka, laini na zenye nyuzinyuzi. Kuvu chache katika viumbe vyote zina uwezo huo. Bila hizo, kaboni na madini yaliyofungwa ndani ya mbao yangechelewa mno kurudi katika mzunguko wa msitu.

5. Kwa nini utambuzi una uzito wa kisera

Jambo la kwanza ni usalama. Uyoga unaoonekana chini ya shina ni tunda tu. Nyuzi za kuvu huwa zimekwisha kuenea ndani ya mti kwa miaka. Mti unaweza kuwa na majani mabichi huku sehemu ya chini imedhoofika, kisha ukaangushwa na dhoruba juu ya magari na watu. Mamlaka ya Jiji la Kampala ingenufaika iwapo ukaguzi wa miti ungejumuisha kutazama kuvu kwenye shina la chini na mizizi. Kuuondoa uyoga peke yake hakuuponyi mti, huondoa onyo tu. Wala si kila mti wenye uyoga unastahili kukatwa. Uamuzi hutegemea kiasi cha mbao nzima kilichobaki.

Jambo la pili ni afya ya mlaji. Utafiti uliofanywa kwa lingzhi ya China hauwezi kuhamishiwa kwenye uyoga uliookotwa Mabira kwa sababu tu vyote vinang'aa. Kemikali hutofautiana baina ya spishi. Zaidi ya hayo, kuvu zinaweza kulimbikiza metali nzito, hivyo uyoga wa miti ya kando ya barabara haufai kutumiwa kama dawa. Mamlaka zinazosimamia dawa na viwango zina sababu ya kudai kwamba bidhaa yenye jina la Ganoderma itaje spishi iliyothibitishwa na mahali ilipotoka.

Jambo la tatu ni kilimo. Huko Malaysia na Indonesia, Ganoderma boninense ndiyo adui mkubwa wa michikichi. Uganda ina mashamba ya michikichi katika kisiwa cha Bugala, Kalangala. Ripoti inayosema tu kwamba "Ganoderma imeonekana" haimsaidii afisa wa karantini, kwa kuwa spishi ya wenyeji inayokula kisiki na spishi ngeni inayoua mti hai hudai hatua tofauti kabisa.

Jambo la nne ni hifadhi. Mwaka 2007 mpango wa kugawa sehemu ya Mabira kwa kilimo cha miwa ulizua maandamano Kampala, na hoja zilizosikika zilihusu zaidi miti, mvua na wanyama. Kuvu hazikutajwa sana. Hata pale msitu unapobaki umesimama, kuondolewa kwa magogo kwa ajili ya kuni na mkaa huondoa makazi yake. Msitu unaweza kuhesabiwa kuwa mzima kwa picha za setilaiti ilhali sakafu yake imefagiliwa.

6. Mapendekezo na hitimisho

Kwanza, kila kielelezo kiambatane na taarifa hizi: tarehe, mahali na mwinuko; spishi ya mti; mti kuwa hai au mfu; sehemu ya mti; rangi ikiwa mbichi; picha za juu, chini na mkato; na namba ya hifadhi. Pili, pale ambapo vinasaba havijathibitisha spishi, iandikwe Ganoderma sp., na jina lucidum lisitumiwe kwa mazoea. Tatu, ukusanyaji ufuate vibali vya Mamlaka ya Taifa ya Misitu pamoja na kanuni za Uganda za mwaka 2005 kuhusu upatikanaji wa rasilimali za kijenetiki na mgawanyo wa manufaa. Nne, mipango ya usimamizi wa misitu itenge magogo yanayoachwa yaoze mahali yalipoangukia.

Kwa upande wa lugha, istilahi kama "kuoza kweupe" na "ncha iliyokatika" zinaonyesha kwamba Kiswahili kinaweza kubeba taaluma hii bila kumtenga mlinzi wa msitu au mkaguzi wa miti, ambao ndio hukutana na uyoga huu kwanza. Jina sahihi halitauzuia mti kuoza, lakini litamwezesha anayehusika kujua kama aukate, aulinde, au auache ufanye kazi yake.