Mkate wa Kudondosha: Jibini Katika Sinia la Futari

Neno biskuti hutupotosha. Mtu wa Mombasa au Lamu akilisikia, mawazo yake huenda moja kwa moja kwenye kile kitu kikavu, kitamu, cha kuchovya ndani ya chai. Waingereza nao hulifahamu hivyo hivyo. Lakini ukivuka bahari mpaka Marekani, hasa katika majimbo ya kusini, biskuti ni mkate mdogo, laini, wa chumvi, unaoliwa ungali moto pamoja na mayai, mchuzi au samaki. Hautiwi hamira. Na aina ninayotaka kuizungumza leo haikandwi wala haisukumwi kama chapati. Unga wake mzito huchotwa kwa kijiko, ukadondoshwa juu ya sinia, ukaokwa, na ndani yake mna jibini. Kwa kuwa sisi tuna mkate wa sinia, mkate wa mofa na mkate wa kumimina, huu mimi nauita mkate wa kudondosha, na sioni kwa nini msomaji naye asiuite vivyo.

Nauleta mbele yenu kwa sababu moja kubwa, nayo ni wakati. Akina mama wengi siku hizi wana kazi za nje. Mtu hufika nyumbani saa 11 za jioni, na adhana ya magharibi haichelewi kuja, saa 12 na nusu hivi. Mahamri yataka kuumuka. Sambusa zataka manda, na manda zataka subira. Basi katika mwezi wa Ramadhani utaona nyumba nzima yangojea mtoto arudi na mfuko wa futari ya kununua barabarani. Siwasemi wauzaji, maana riziki yao iko hapo na wengine wana mikono mizuri kushinda yetu. Nasema tu kwamba meza ya kufungulia ina ladha nyingine inapokuwa na kitu kilichotoka jikoni mwa nyumba ile ile. Mkate huu, tangu kupima unga mpaka kuutoa motoni, ni kazi ya nusu saa.

Wepesi huo haukuwako zamani hata kwa Wamarekani wenyewe. Katika karne ya 19 huko kusini palikuwa na biskuti za kupondwa, ambazo unga wake ulipigwa kwa nyundo ya mti nusu saa na zaidi ili zipate wepesi. Mwaka 1856 mtaalamu wa kemia, Eben Horsford, alipata hati ya uvumbuzi wa asidi ya unga iliyosaidia kuleta bekingi pauda tunayoijua, na mikono ikapumzika. Mkate wa jibini wenyewe ulipata sifa kubwa kupitia hoteli za Red Lobster, zilizoanzia Lakeland, Florida, mwaka 1968. Tangu mwaka 1992 wateja wao huletewa ukiwa moto, una kitunguu thomu, pamoja na kamba na samaki. Kwetu sisi watu wa bahari hilo halihitaji kuelezwa sana.

Sasa tuje kwenye mkono, maana hapa ndipo penye mtihani kwa mpishi wa pwani. Sisi tumefunzwa tangu utotoni kwamba unga ni kukanda. Unga wa ngano ukitiwa maji na kukandwa hujenga nyuzi zinazovutika, na nyuzi hizo ndizo zinazoipa chapati mavuto yake na hamri uwazi wake wa ndani. Mkate wa kudondosha hauzitaki kabisa. Ukiukanda utapata kitu kigumu cha kutafunwa kama mpira. Uchanganye kwa mwiko mara chache tu, mpaka usione unga mkavu, kisha uuache na mabonge yake. Utaonekana kama kazi ya mtu mvivu, na hivyo ndivyo utakiwavyo.

Vipimo ni hivi. Unga wa ngano vikombe 2, yaani kama gramu 250. Bekingi pauda vijiko 2 vya chai, soda ya kupikia nusu kijiko cha chai, sukari kijiko 1 cha chai, na chumvi nusu kijiko cha chai. Pima chumvi hiyo kwa kijiko, usiikadirie kwa jicho. Jibini yenyewe ina chumvi, na mpishi aliyefunga hana raha ya kuonja. Tia pilipili manga, punje mbili za thomu zilizopondwa, na kotimiri iliyokatwa ndogo ndogo. Jibini iwe gramu 100, ya aina ngumu kama ile ya Cheddar, iliyopewa jina la kijiji cha Somerset huko Uingereza. Ikwaruze kwa kikwaruzo cha karoti (mbuzi ya nazi iacheni na kazi yake). Jibini iliyokaa muda mrefu ni bora kuliko changa, kwani ladha yake ni kali na kidogo chake huenea. Kwa bei ya jibini ilivyo, hilo si jambo dogo.

Maziwa ni kikombe 1, yaliyokamuliwa ndimu kijiko kimoja kikubwa na kuachwa dakika kumi yagande kidogo. Yatie kwenye friji yawe baridi hasa. Siagi ni gramu 110. Vitabu vingi husema siagi iwe ngumu ya baridi, isuguliwe ndani ya unga kwa ncha za vidole. Anayesema hivyo hajapata kupika Mombasa mwezi wa Februari, ambapo siagi huyeyuka kabla hujaigusa. Kwetu njia bora ni kinyume chake. Iyeyushe siagi, iache ipoe kidogo, kisha uimimine ndani ya yale maziwa baridi huku ukikoroga. Itaganda papo hapo kuwa chembechembe, na chembe hizo ndizo zinazotoa mvuke ndani ya moto na kuuinua mkate. Mimina yote juu ya unga na jibini, changanya, na udondoshe mafungu 12 juu ya sinia iliyopakwa mafuta.

Moto uwe mkali tangu mwanzo. Mwenye oveni aiweke kwenye nyuzi 230, na dakika 12 mpaka 15 zitatosha. Asiye nayo asikate tamaa. Wazee wetu waliupika mkate wa kumimina kwa kupalia makaa juu ya kifuniko, na sufuria hiyo hiyo yafaa hapa. Ipashe moto kwanza, makaa machache chini na mengi juu, na ufunue mapema kutazama. Ukiona mkate haukuinuka ingawa moto ulikuwa mzuri, ishuku bekingi pauda. Unyevu wa pwani huiua ndani ya kopo. Tia nusu kijiko katika maji ya moto. Isipotoa povu, itupe.

Jibini lina suala jingine ambalo Mwislamu hawezi kulipita. Maziwa hugandishwa kwa kigandisho ambacho asili yake ni tumbo la ndama anyonyaye. Madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi wetu, humtazama mnyama mwenyewe: akiwa amechinjwa kisheria kigandisho chake ni tohara, akiwa mfu ni najisi. Wanazuoni wa Hanafi wamelegeza zaidi. Mimi si shekhe, na mwenye shaka amwendee wake. Lakini tangu mwaka 1990, Marekani iliporuhusu kigandisho kinachotengenezwa kwa vijidudu, jibini nyingi haziguswi na tumbo la mnyama, na pakiti nyingi huonyesha hilo au hubeba alama ya halali. Zisomeni. Na katika vitabu vya mapishi vya Kimarekani jihadharini na neno lard, ambalo ni mafuta ya nguruwe. Biskuti nyingi za zamani zilipikwa kwayo, na siagi huchukua mahali pake bila ya hasara yoyote.

Jirani yangu mmoja, bibi wa makamo aliyelelewa kwa mahamri ya nazi, aliuvunja mkate huu akautazama ndani. "Mbona huu haukukandwa?" akaniuliza. Nikamwambia ndivyo ulivyo, bibi. Akala, akanyamaza, akachukua wa pili na kuuchovya kwenye mchuzi wa papa. Hapo alinifunza jambo, kwani mimi nilikuwa nikiula kwa supu tu. Kwa mchuzi wa nazi usio na chumvi nyingi ni mzuri zaidi.

Usiupike wa kesho. Ukilala hukauka na kupoteza nusu ya ladha yake. Lakini mafungu mabichi yaliyokwisha kudondoshwa hukubali kugandishwa katika barafu. Yapange juu ya sinia mpaka yawe magumu, yatie katika mfuko, na jioni uyaoke yakiwa bado yameganda, ukiongeza dakika tatu au nne.