Maji Yatokayo Ndiyo Yenye Habari

Msomaji wa Pemba anayekeneka mafuta ya makonyo ya karafuu kwa mtambo mdogo ameuliza: koki ya maji ya kupoozea mvuke itawezaje kujirekebisha yenyewe, asilazimike kuisimamia kutwa? Ukenekaji wenyewe anaujua, tuuache. Suala ni koki itajuaje kiasi cha kufunguka, na hoja yangu ni kwamba habari hiyo haimo tangini wala kwenye pipa linalochemka. Imo katika maji ya kupoozea yanapotoka. Hesabu ni fupi. Kilo 1 ya mvuke ikigeuka maji huachia kilojuli 2,257, na lita 1 ya maji hubeba kilojuli 4.18 kwa kila nyuzijoto 1 inayopanda. Maji yakiingia na nyuzijoto 28 yakatoka na 48, zitahitajika lita 27. Yakiachwa yatoke na 68, lita 13.5 zinatosha. Je, mafuta nayo hayatatoka moto yakapotea hewani? La, maadamu neli ya kupoozea mvuke ni ndefu na maji yanaingilia chini, yakipanda kinyume na mvuke unaoshuka: tone la mwisho hukutana na maji yaliyotoka tangini sasa hivi, na joto hubaki juu. Basi si upime mara moja, uiache koki hapo hapo? Haitoshi, kwa sababu kuni haziwaki sawasawa, na kimo cha maji juu ya koki kikishuka hadi robo, mtiririko hushuka hadi nusu, ilhali koki haijaguswa. Mvuke ukizidi au maji yakipungua, dalili ni ile ile moja: maji yatokayo hupata moto zaidi.

Kifaa cha kuisikiliza dalili hiyo kimo ndani ya magari mengi. Ni themostati, ambayo mafundi wengi, gari likichemsha, huing'oa na kuitupa. Ndani yake mna kikopo cha shaba kilichojazwa nta. Nta ikipata joto huyeyuka na kutanuka, na kwa kuwa imefungiwa, haina pa kwenda ila kukisukuma kijiti kinachofungua njia ya maji. Ikipoa, springi hurudisha. Haihitaji umeme wala programu. Koki ya namna hiyo, yenye nta ya joto la chini kuliko ya gari, ikae pale maji yanapotokea. Itazame ukingoni: mara nyingi pana kitundu, pengine na kipini kinachochezacheza. Kwenye gari hupitisha hewa. Kwenye mtambo huu ndicho roho ya kazi, kwani koki ikifunga kabisa, maji ya moto yatasimama juu ya neli, nayo nta itakaa baridi bila kujua. Lazima maji kidogo yachuruzike daima, yaipelekee habari.

Habari hiyo wengi huiita mrejesho. Neno ni zuri, lakini maofisini limekuwa ripoti inayosomwa kazi ikishakwisha. Hapa habari hurudi kazi ikiendelea, ikaigeuza. Napendekeza mrejesho elekezi, kama tusemavyo bei elekezi. Mshika usukani wa dau anauelewa vizuri. Dau halijibu papo hapo. Anayejifunza husukuma kana, akiona omo haijageuka huzidisha, kisha dau hupita kiasi, naye hukimbilia upande wa pili, na njia nzima ikawa ya nyoka. Mzoefu huona omo imepotoka kidogo, akasukuma kidogo. Ikipotoka zaidi, husukuma zaidi. Inaporudi, naye hulegeza. Koki ya umeme inayojua kufunguka yote au kufunga yote ndiyo mwanafunzi, na umeme ukikatika haina hata mkono. Nta hutanuka kwa kadiri ya joto, kwa hiyo koki hufuata hatua kwa hatua. Mtu abaki karibu, moto ni moto. Na atakayelalamika kwamba maji ya kitundu yanapotea bure, ayahesabu kuwa ujira wa mjumbe: vijiko vichache vinavyookoa ndoo nzima.